Pesti ya joto kwenye kipozeo cha maji: namna ninavyoipaka mimi

“Mjomba, maji haya hayapozi kitu.”

Mpwa wangu alikuwa amekesha akiunganisha kompyuta yake ya kwanza, na alichokionea fahari kuliko vyote kilikuwa kipozeo cha maji chenye rejeta (sehemu yenye feni inayopoza maji) ya milimita 360. Feni tatu zilizunguka, taa za pampu ziliwaka, lakini prosesa ilisoma nyuzi 97 kabla hata Windows haijamaliza kufunguka. Sikushika bisibisi. Nilishika mipira miwili ya maji inayotoka kwenye kichwa cha pampu, kile kinachokaa juu ya prosesa. Baridi. Nikaweka kiganja kwenye rejeta. Baridi vilevile. Basi maji hayakuwa na kosa. Joto lilikuwa halijayafikia.

Tulipofungua tukakuta bamba la shaba la chini ya kichwa hicho bado limevaa utando wake wa plastiki wa kiwandani, ule wenye maandishi yanayokuambia uuondoe kabla ya kufunga. Chini yake, kwenye prosesa, pesti ya joto, ule uji mzito wa kupitisha joto, ilikuwa imepakwa kwa ustadi kuliko ninavyopaka mimi. Hakucheka, wala mimi sikumcheka, maana kosa langu la miaka ya nyuma lilikuwa la aibu zaidi na nitalisimulia huko mbele.

Kisa hicho kinabeba jambo ambalo ningependa ulishike kabla hujagusa skrubu hata moja. Kwenye kipozeo cha maji, kosa la pesti au la mbano huonekana ndani ya sekunde, na kosa la maji huonekana baada ya dakika. Ukilijua hilo hutabadilisha pampu nzima kwa sababu ya kipande cha plastiki, wala hutapaka pesti mara nne wakati rejeta imezibwa na vumbi.

Kile kiraka chembamba

Kifuniko cha prosesa kinang'aa, na bamba la shaba linang'aa. Ukivitazama utadhani vikikutana vitagusana kila mahali. Havigusani. Vyote viwili vina mikwaruzo na mabonde madogo yasiyoonekana kwa macho, na ndani ya mabonde hayo hukaa hewa. Shaba hupitisha joto kwa takribani wati 400 kwa mita kwa kila nyuzi moja. Hewa iliyotulia hupitisha kama 0.026 tu. Kila penye hewa, joto limegonga ukuta.

Pesti za kawaida ziko katikati ya hapo. Arctic MX-4 imetangazwa kwa 8.5, Thermal Grizzly Kryonaut kwa 12.5. Ni kidogo sana mbele ya shaba, ni kikubwa mno mbele ya hewa. Kwa hiyo pesti si gundi, na yenyewe haipozi chochote. Ni kiraka cha kufukuza hewa mabondeni. Ikizidi, yenyewe inageuka kuwa blanketi kati ya vyuma viwili ambavyo vingekaribiana zaidi bila yake.

Nilikaa siku moja na karatasi nikapiga hesabu ili nijue ni kiasi gani cha kuhangaikia. Chukua kifuniko chenye milimita 35 kila upande, prosesa inayotoa wati 150, na safu ya pesti yenye unene wa milimita 0.05. Kwa pesti ya 8.5, joto linalopotea kuvuka safu hiyo ni kama nyuzi 0.7. Kwa ile ya 12.5 ni nyuzi 0.5. Kweli, joto halitoki sawasawa kifuniko kizima, hujikusanya juu ya kipande kidogo cha silikoni kilichomo ndani, kwa hiyo zidisha mara nne ukipenda. Bado tofauti ya pesti hizo mbili ni nyuzi moja hivi. Sasa acha pesti ileile, ongeza unene wa safu mara kumi kwa sababu kichwa cha pampu hakikubanwa vizuri: hasara nayo inapanda mara kumi, na hapo unazungumzia nyuzi 20 au 30. Tangu siku hiyo sibishani tena na mtu kuhusu chapa ya pesti. Nunua yoyote ya kampuni inayojulikana, isiyopitisha umeme, kisha hangaika na mbano.

Yapo pia yale ya metali ya kimiminika, yenye galiamu. Yanapitisha joto vizuri kuliko pesti yoyote, lakini yanapitisha umeme pia, na galiamu huila alumini hadi ikavunjika kama biskuti. Hata kwenye shaba tupu hujipenyeza na kuacha madoa. Kama hii ndiyo mara yako ya kwanza, yaache dukani.

Fanya mazoezi bila pesti

Watu hupaka pesti halafu ndipo wanaanza kutafuta skrubu ipi inaingia wapi, huku kichwa cha pampu kimening'inia mkononi na mipira inakivuta. Pesti ikishaguswa mara tatu kwa kuinua na kushusha, imeshaharibika. Mimi hufunga kila kitu kikavu kwanza.

Anza na rejeta. Ifunge kwenye kasha pamoja na feni zake kabla ya kugusa prosesa. Mipira ya vipozeo hivi ni migumu, na rejeta ikiwa bado inaelea, mipira itakisukuma kichwa cha pampu upande wakati pesti ingali mbichi. Juu ya kasha ndipo mahali ninapopapenda. Ukiifunga mbele, hakikisha ncha yake ya juu iko juu kuliko pampu, kwa sababu hewa iliyobaki ndani ya mfumo hupanda hadi sehemu ya juu kabisa, nawe hutaki sehemu hiyo iwe pampu. Pampu iliyomeza hewa hugugumia kama chupa inayomiminwa.

Kisha nguzo fupi za skrubu, zile zinazozunguka soketi, kiti cha prosesa kwenye mazabodi (bodi kuu ya kompyuta). Hapa ndipo penye aibu yangu. Kisanduku cha kipozeo huja na vifuko kadhaa vya nguzo, na zote zinafanana. Soketi ya Intel LGA1700 ina matundu yaliyoachana milimita 78, zile za kabla yake milimita 75, na kimo cha prosesa juu ya mazabodi nacho kimepungua kidogo, pungufu ya milimita moja. Nilichukua nguzo za soketi ya zamani, nikazisukumiza kwenye bamba la nyuma lenye matundu marefu, zikaingia. Skrubu zikakaza hadi mwisho. Mkono wangu ukaniambia kazi imekwisha. Kumbe skrubu zilikuwa zimefika mwisho wa nguzo, siyo mwisho wa mbano. Bamba la shaba lilikuwa linaelea juu ya prosesa likiigusa pesti kwa juu juu. Nilifungua na kupaka upya mara tatu jioni ile, kila mara nikiongeza pesti, nikiamini ilikuwa haitoshi. Mara ya nne ndipo nilipoinama, nikapenyeza mwanga wa tochi ya simu ubavuni, nikauona mwanga ukitokea upande wa pili.

Tangu hapo, jaribio la tochi ni la lazima kwangu. Funga kichwa cha pampu kikavu, kaza skrubu nusu, tazama ubavuni. Jaribu kukisogeza kwa vidole viwili: kikicheza kama jino bovu, nguzo si zake. Ukimaliza kufunga kikavu, legeza, kitoe, futa bamba kwa sababu umeshaligusa, ndipo uende kwenye pesti.

Kwa AMD, mtengenezaji mwingine wa prosesa, mambo yamepangwa tofauti. Vipozeo vingi hutumia bamba la nyuma la mazabodi yenyewe. Kwenye soketi yake ya AM4, ukishafungua skrubu nne za vishikizo vya plastiki bamba hilo huanguka nyuma, basi lishike kwa mkono. Kwenye AM5, iliyoifuata, limeshikwa na soketi na halianguki. Na kama kisanduku chako kina vishikizo vya kusogeza kichwa cha pampu kidogo upande mmoja kwa ajili ya Ryzen, prosesa za AMD, vitumie. Kwenye prosesa hizo silikoni inayochemka haikai katikati ya kifuniko, na kuisogezea bamba kunapunguza nyuzi kadhaa bila gharama.

Utando wa plastiki. Uondoe sasa, mbele ya macho yako, uuweke juu ya meza mahali unapouona.

Kusafisha

Tazama kwanza kama bamba la shaba limekuja na pesti ya kiwandani, ule mraba au mduara wa kijivu uliopakwa sawasawa. Kama upo na hujaugusa, usipake nyingine juu yake. Inatosha, na mara nyingi imepimwa vizuri kuliko utakavyopima wewe. Kama umeigusa kwa kidole, imeingia vumbi, au umeshafunga na kufungua mara moja, ifute yote na uanze na yako. Kuchanganya ya zamani na mpya ni kutafuta safu nene isiyo na sababu.

Mimi hutumia alkoholi ya isopropili ya asilimia 99. Ya asilimia 90 kwenda juu inafaa. Zile za chini zaidi zina maji mengi na hukauka polepole. Usitumie kiondoa rangi ya kucha, kwa sababu asetoni huyeyusha baadhi ya plastiki, wala manukato, ambayo huacha mafuta. Kitambaa kiwe kisichotoa nyuzi. Karatasi ya kuchujia kahawa ni nzuri kuliko tishu, na pamba ndiyo mbaya kuliko zote kwa sababu huacha nyuzi ambazo utaziona tu ukiinamisha prosesa kwenye mwanga.

Prosesa iache imefungwa ndani ya soketi yake unapoisafisha. Lowesha kitambaa, usimimine alkoholi juu ya prosesa. Soketi ya Intel, na ya AMD kuanzia AM5, ina pini laini mno ndani, na pesti iliyoyeyuka ikitiririka humo utajuta. Futa kuanzia ukingoni kwenda katikati ili uchafu usisukumwe nje, badilisha upande wa kitambaa, rudia mpaka kitambaa kitoke cheupe. Fanya vivyo hivyo kwa bamba la shaba. Subiri dakika moja likauke. Kuanzia hapo usiguse tena sehemu yoyote kwa kidole. Alama ya kidole ni mafuta, na hayo nayo ni safu.

Kiasi

Rudi kwenye hesabu yangu ya kwanza. Milimita 35 mara 35 mara unene wa 0.05 ni kama milimita 61 za ujazo. Ukiifinyanga pesti hiyo iwe kidonge, kipenyo chake ni milimita 5. Ndiyo ile “njegere” ambayo kila mtu huitaja, na njegere yenyewe ni ndogo, si ile iliyovimba.

Kwa prosesa zenye kifuniko cha mraba kama za AM4 na AM5, ninaweka kidonge kimoja katikati, cha milimita 5 au kinachozidi kidogo. Kwa zile ndefu za LGA1700, ambazo zina milimita 37.5 kwa 45, ninaweka mstari mwembamba kufuata urefu wake, ukiishia kama sentimita moja kabla ya kila ukingo. Wengine huchora msalaba, wengine vidonge vitano. Zote hufanya kazi. Mbano ndio unaotandaza, siyo mchoro wako.

Kutandaza kwa kadi ya plastiki au kijiko kidogo sikupendi, ingawa si kosa. Kwanza mtu anayetandaza kwa mkono hutumia pesti nyingi kuliko anavyohitaji kwa sababu anataka kuona rangi imefunika kila pembe. Pili, sehemu yenye mawimbi hunasa vipovu vya hewa. Kidonge husukuma hewa kutoka katikati kwenda nje kikiwa kinabanwa, na hiyo ndiyo kazi niliyokipa.

Ikizidi kidogo, haiui. Itatoka ubavuni na kukaa pale. Kifuniko cha AM5 kina mikato pembeni yenye vijisehemu vidogo vya umeme vilivyo wazi, na pesti huingia humo. Kama ni isiyopitisha umeme, iache. Nimeona watu wakiharibu vijisehemu hivyo kwa kuchokoa pesti kwa ncha ya bisibisi, pesti ambayo ingekaa pale miaka kumi bila kumdhuru mtu. Ikipungua ndiyo mbaya: pembe moja inabaki kavu, na kama chini ya pembe hiyo kuna kiini cha prosesa, kiini hicho peke yake kitasoma nyuzi 15 juu ya wenzake.

Kabla ya kukamua, toa tone la kwanza juu ya karatasi. Bomba lililokaa muda mrefu hutenga mafuta mdomoni, na tone hilo la majimaji si pesti.

Kushusha na kubana

Shika kichwa cha pampu kwa mikono miwili, mipira ikiwa upande ulioupanga wakati wa mazoezi, na ukishushe wima. Kisitangulie upande mmoja. Kikishagusa, hakiinuki tena. Ukikiinua “kuangalia tu kama imesambaa”, umeingiza hewa, na itakubidi ufute na kuanza upya. Najua hamu hiyo. Izuie.

Kibonyeze kwa kiganja kimoja, kizungushe kulia na kushoto kwa milimita moja tu, kisha bila kuachia kiganja anza skrubu. Hapa ndipo kazi yote ilipo. Skrubu ya kwanza mizunguko miwili, kisha ile iliyo mkabala nayo kwa pembe, mizunguko miwili, kisha mbili zilizobaki. Rudi ya kwanza. Ukikaza moja hadi mwisho kabla ya nyingine, bamba linainama, pesti inakimbilia upande ulioinuka, na hairudi. Utapata safu nene upande mmoja na karibu chuma kwa chuma upande mwingine.

Skrubu nyingi za vipozeo zina springi na kituo. Zikifika kituoni utahisi zimegoma ghafla. Hapo acha. Usiongeze robo ya mzunguko “kwa usalama”, na usitumie bisibisi ya betri. Mazabodi inapinda, na kwa LGA1700 kifuniko chenyewe kinajulikana kwa kupinda katikati kwa sababu ya mbano wa kishikizo cha soketi yake. Ndiyo maana kuna fremu za kubadilisha kishikizo hicho, Thermalright na Thermal Grizzly wanazitengeneza. Zinasaidia, lakini si jambo la siku ya kwanza.

Waya wa pampu uingie kwenye pini zilizoandikwa AIO_PUMP, au CPU_FAN kama hizo hazipo, kulingana na kijitabu cha kipozeo chako. Mazabodi nyingi hugoma kuwaka kikamilifu zikiona CPU_FAN ni tupu. Kwenye BIOS (ukurasa wa mipangilio unaofunguka kabla ya Windows) weka pampu kwa kasi kamili muda wote. Feni ndizo za kupanda na kushuka.

Sekunde za mwanzo, kisha dakika

Washa, ingia BIOS, kaa humo dakika tano. Prosesa haipumziki sana ndani ya BIOS, kwa hiyo nyuzi 40 hadi 50 zisikutishe. Ikipanda kuelekea 80 bila kusimama, zima. Kuna kitu hakigusani. Tazama pia kama pampu inaonyesha mizunguko. Sifuri maana yake waya, au pampu imekufa.

Halafu jaribio lenyewe. Fungua programu ya HWiNFO uone joto na wati, kisha endesha Cinebench au OCCT, programu za kuipa prosesa kazi nzito, ukiitumia prosesa yote. Usiangalie simu. Tazama sekunde kumi za kwanza.

Joto likiruka papo hapo hadi kikomo wakati mipira ingali baridi, njia kati ya silikoni na maji imezibwa: utando, nguzo, mbano au pesti. Maji hayahusiki kabisa, hayajapata hata nafasi ya kukosea. Joto likiruka kiasi, likatulia, kisha likapanda taratibu kwa dakika kumi au ishirini, hayo ni maji yanayopashwa moto, na ni kawaida. Maji hubeba joto jingi kabla ya kupanda nyuzi moja, kwa hiyo jaribio la dakika tatu kwenye kipozeo cha maji halijakuambia kitu kuhusu rejeta. Ninaliacha liende nusu saa. Likiendelea kupanda bila kutulia hata baada ya hapo, angalia feni, mwelekeo wa hewa, vumbi. Na kichwa cha pampu kikiwa cha moto ukikishika wakati rejeta ni baridi kabisa, maji hayazunguki.

Kuna jambo linalowachanganya wengi: kikomo chenyewe. Ryzen 7000 zimeundwa zipande hadi nyuzi 95 zikipewa kazi nzito, zikiongeza kasi mpaka zifike hapo. Prosesa kubwa za Intel kikomo ni 100, na Core i9-13900K inaruhusiwa wati 253. Kwa hiyo nyuzi 95 peke yake haikuambii kitu. Soma wati kando yake. Nyuzi 95 kwa wati 220 ni prosesa inayokimbia mbio zake zote. Nyuzi 95 kwa wati 80 na rejeta ya 360 ni bamba linaloelea, na hilo unalifungua leo.

Andika namba ulizopata: wati, nyuzi, joto la chumba, tarehe. Mimi huziandika kwa kalamu kwenye karatasi ndogo na kuibandika ndani ya ubavu wa kasha. Chumba kikiwa na joto zaidi kwa nyuzi 8, prosesa nayo itapanda takribani 8, na bila karatasi hiyo utailaumu pesti.

Siku ya kufungua

Usipange tarehe ya kubadilisha pesti. Rudia jaribio lako mara moja kwa mwaka, safisha rejeta kwanza, na kama kwa wati zilezile na chumba kilekile umepanda nyuzi 8 au 10, fungua.

Fungua ikiwa na joto. Endesha kazi nzito dakika kumi, zima, chomoa waya wa umeme, kisha legeza skrubu kwa mpangilio uleule wa msalaba. Usivute kichwa cha pampu juu. Kizungushe kushoto na kulia mpaka ukihisi kimeachia, ndipo ukiinue. Kwa AM4 hili si pambo: pini ziko kwenye prosesa yenyewe, na pesti iliyokauka inaweza kuing'oa prosesa kutoka kwenye soketi iliyofungwa. Nimewahi kuinua kichwa cha pampu nikaiona prosesa imening'inia chini yake na pini mbili zimelala. Nilizinyoosha kwa ncha ya penseli ya kusukuma, iliyotolewa risasi, kwa mikono inayotetemeka.

Kabla ya kufuta, soma alama. Katikati pawe na pesti nyembamba karibu uone chuma kupitia kwake, na iliyozidi iwe pembeni. Matawi kama mizizi yanayoonekana sehemu zote mbili hutokana na pesti kuvutwa wakati wa kuinua, hayana maana yoyote. Upande mmoja mnene na mwingine karibu mtupu ni kukaza skrubu bila mpangilio. Na kama kidonge chako kimebaki na umbo lake, kimebonyezwa tu kichwani kama kofia, rudi kwenye nguzo na tochi.

Pesti iliyobaki, rudisha kizibo kwa nguvu na ulilaze bomba mahali pasipo joto. Bomba la gramu 4 linatosha mara nyingi kuliko unavyodhani. La mpwa wangu ameliweka kwenye droo pamoja na ule utando.